Kiti cha Nyuma cha Pikipiki Kubwa

Mpaka leo nikiona pikipiki yenye kioo kikubwa mbele, naangalia kwanza kiti chake cha nyuma, na hasira inanipanda.

Zilikuwa mbili, zimesimama uani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kyela mjini, mtu mwenye asili ya pwani aliyeuza vipuri na mitumba. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wanunuzi walitoka Mbeya na malori yao kuchukua mpunga na kakao mlangoni kwako, na vitu tulivyozoea kuviona vikipita na wakubwa tu vikaanza kuuzwa kwa mtu yeyote. Pikipiki zile zilikuwa za wageni waliojenga barabara wakaondoka. Injini yao ilikuwa ya aina moja, kubwa, silinda mbili zimetokeza kushoto na kulia kama viwiko vya mtu anayepenya kwenye umati. Mimi nilikuwa nimejifunza kwenye kipikipiki cha bwana shamba. Zilipowashwa hizi, nilisikia mngurumo tumboni.

Tofauti yao ilikuwa mavazi. Ya kwanza ilitengenezwa kwa safari ndefu: kioo mbele, ngao ya plastiki ya kukinga magoti, masanduku mawili pembeni, na kiti cha nyuma kipana chenye egemeo, kama kochi. Ya pili ilikuwa tupu. Taa, tangi, usukani, na nyuma kiti chembamba cha kutosha mtu mmoja asiye mnene.

"Hizi ni pacha," alisema mfanyabiashara. "Mama mmoja, baba mmoja. Huyu amevaa koti, huyu hajavaa."

Mimi nilimtaka asiyevaa koti. Nilikuwa na sababu za kusema na sababu moja ya kunyamaza nayo. Za kusema ni kwamba njia ya kwetu, upande wa Mwaya, ni udongo mweusi. Masika ikiingia, gurudumu linabeba tope mpaka linagoma kuzunguka, na pikipiki nzito ikilala huinyanyui peke yako. Madaraja yetu yalikuwa ya magogo mawili matatu. Masanduku yale yangepitaje? Na ngao ya plastiki ikipasuka, nyingine ningeipata wapi?

Ya kunyamaza nayo ilikuwa mke wangu. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka mmoja. Mama yake alikaa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, miguu imemvimba, hatoki nje ya uzio, na mke wangu hakuwa amemwona tangu nimwoe. Nilimwahidi kwamba tukipata pikipiki, safari ya kwanza ni ya kwa mama yake. Fedha zenyewe zilitoka kwenye mpunga, na mpunga ule aliupanda yeye, akaupalilia yeye, akaupura yeye.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia, anampa mgongo, anajifunika. Hali chakula pamoja naye, na hakalii alipokalia yeye. Kwa hiyo kiti kile kipana, baba akikikalia mara moja tu, kingekuwa kimefungwa kwa mke wangu. Kile chembamba baba asingekikalia kamwe. Kingemlazimu amshike mwanawe kiunoni, naye alikuwa mtu wa koti na fimbo. Ndiyo maana nilikitaka. Lakini mbele ya baba mtu haongelei mambo ya mke wake, na mimi hata mambo mengine niliyaongea kwa shida.

Baba alikuwapo kwa sababu kijana hanunui kitu kikubwa bila mzee wake. Alizizunguka zote mbili, akabonyeza kile kiti kipana, akapiga egemeo kwa ngumi kama anayepima godoro. Nikajikaza.

"Baba, hii nyingine ni nyepesi."

"Mtu mzima atakaa wapi?"

Mfanyabiashara akacheka, akasema ile tupu ni pikipiki ya mtu anayekimbia askari. Mzee kama huyu, watu wa misibani watamwonaje akishuka kwenye kitu kama bata aliyenyonyolewa? Akamwita malafyale, jina la machifu wetu. Baba si chifu. Lakini alifurahi, akajibu ndaga fijo, asante sana, na shauri likaishia hapo. Mwendeshaji nilikuwa mimi, na hakuna aliyenigeukia.

Kabla hatujaondoka nilijaribu tena, kwa kuzunguka. Nikasema nyumbani kuna wengine nao wana safari zao. Baba alikuwa ameshapanda, ameegemea.

"Wanawake wana miguu," alisema.

Kuanzia siku ile nilikuwa dereva wa baba. Msiba huu, kikao kile, kwa rafiki yake kule Itungi, kwa mwingine aliyeng'oa jino. Masanduku yalikwama darajani wiki ya pili, moja likabaki limebonyea. Kioo kilijaa tope, nikawa naendesha huku nachungulia pembeni. Mke wangu hakuuliza habari za Songwe. Kutouliza kwake kulinichoma kuliko kama angeuliza.

Siku moja ya mvua tulikuwa tunatoka mjini, baba nyuma yangu. Mbele, juu ya tuta linalopita katikati ya mashamba ya mpunga, nikamwona mke wangu na beseni kichwani, anatoka sokoni kwa miguu yake hiyo.

"Piga honi," baba akasema.

Nilipiga. Nasema nilipiga, sikusukumwa mkono. Akashuka kwenye maji hadi magotini, akatugeuzia mgongo, akavuta khanga usoni kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika beseni. Gurudumu likamrushia tope. Nikampita mke wangu bila salamu, juu ya injini iliyonunuliwa kwa mpunga wake, na baba akaniambia nisiende kasi sana.

Jioni alikuwa anaosha khanga ile. Hakuinua uso.

"Leo umenipigia honi kama mbuzi," alisema.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda kwa fundi wa pikipiki. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa amesema zile ni pacha, tofauti ni mavazi tu. Basi nikaivua. Masanduku yakatoka, ngao ikatoka, kioo kikatoka. Kiti kipana kilishikwa kwa bolti nne tu. Mbele ya kiti hicho, bolti nne, nilikuwa nimekaa kimya miezi mitatu. Seremala akanichongea ubao wa mvule wenye matundu yaleyale, nikaufunika kwa sponji na gunia.

Kiti cha baba nilikibeba mwenyewe hadi barazani kwake.

"Nini hiki?"

"Kiti chako, baba. Tukienda msibani nitakifunga. Tukirudi nitakifungua."

"Na ule ubao?"

"Ule ni wa mke wangu."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Baba aliizunguka pikipiki. Akasema nimeiharibu. Kisha akakisogeza kiti hadi ukutani, akakaa, akaegemea.

Mke wangu aliuliza kama baba ameukalia ubao ule. Hajaukalia. Hata kuugusa? Hata kuugusa. Ndipo akapanda, na asubuhi ile tulivuka Songwe. Mama yake alimshika mikono, akawa anavitazama vidole kimoja kimoja.

Tuliporudi, alinigonga mgongoni kabla ya kona ya nyumbani. Nikasimama. Akashuka, akajitwika mzigo. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, ila alikuwa amekigeuza, anatazama ukuta, ili njia ya mbele iwe wazi kwa kupita. Baadaye watu waliniambia huo ulikuwa ungwana mkubwa wa mzee. Mimi nilimwona mke wangu akipita nyuma ya mgongo ule mbiombio, ameinama, khanga usoni, na mimi nyuma yake nasukuma pikipiki imezimwa. Nguvu zote zile za injini, na nyumbani kwake aliingia kwa miguu.