Gego la Kushoto

Miaka thelathini alichonga kwa nta, kwa mkono wake, kofia za kuvika meno yaliyovunjika, hata wenzake wakambandika jina la Nta. Siku hizi anaumwa mgongo kwa kukaa tu. Daktari anapitisha kamera kinywani mwa mgonjwa, picha inaingia kwenye kompyuta, Nta anabofya, na mashine iliyo nyuma yake inachonga kofia kwa kelele za kupasua kichwa.

Asubuhi hiyo ilikuja picha ya mama mmoja aliyevunjika gego la kulia. Kompyuta, kama kawaida yake, ikachukua gego la kushoto ili iligeuze na kulinakili. Nta akaivuta picha karibu, akaduwaa. Gego lile la kushoto lilikuwa kofia ya zamani, na pembeni lilikuwa na mfereji mwembamba kama unywele, alama aliyokuwa akiiacha kwa ncha ya kisu kila alipomaliza kazi. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa na kichaa hicho.

Akashusha pumzi, akabofya. Mashine ikachonga kofia mpya, na ule mfereji wa Nta ukiwa pembeni yake.

Kesho yake daktari akapiga simu.

"Fundi, limekaa vizuri ajabu! Sijalisugua hata kidogo ili likae. Bado unabisha kwamba mashine inamshinda mtu?"

Nta akatafuta pa kuanzia, akaona ni mbali mno.

"Sibishi tena, daktari," akasema, akachukua brashi akaifuta mashine vumbi.