Ukuta wa Nyuma ya Injini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya ndege ndogo karibu na Naivasha, Fundi Mkuu alinipa tochi na kioo chenye mpini, akaniambia niangalie ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi. Niliona mhimili, ile boriti inayobeba uzito wa bawa zima, na mbavu zinazolipatia bawa umbo lake. Nikatoa kichwa haraka.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu, bosi."

"Hujaangalia. Rudi."

Alinirudisha mara nne. Nilikuwa msichana nisiyeweza kutulia, na yeye aliliona hilo kabla ya chai ya saa nne.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Nakuru, kwenye chuo cha urubani, nikawa mkaguzi wa ndege na mwalimu wa darasani. Niliwafundisha vijana nguvu nne: uzito unaovuta chini, bawa linaloinua, injini inayovuta mbele, na hewa inayozuia. Niliwakumbusha kwamba huku kwetu tuko juu sana na hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Bawa linakosa cha kushika, kwa hiyo ndege inatua ikiwa na kasi kubwa kuliko rubani mgeni anavyotarajia.

Mchana mmoja mwanafunzi wangu Chebet alisimama kwenye mlango wa ofisi, akisokota kamba ya beji yake.

"Mwalimu, asubuhi nikiwa peke yangu niligonga wakati wa kutua. Pua ndiyo ilitangulia chini. Ikaruka, ikagonga tena."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Niliogopa nitafukuzwa."

"Ndege iko wapi saa hii?"

Akaangalia juu.

Kapteni Njoroge, mwalimu wa kuruka, alikuwa ameondoka nayo pamoja na mwanafunzi mwingine. Katika ndege ya aina ile, gurudumu la pua limefungwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na rubani, na injini yenyewe imeshikiliwa na ukuta huohuo. Ukigonga kwa pua, ukuta unaweza kujikunja, na usipoinama huoni kitu.

Mimi sikuinama. Asubuhi hiyohiyo, Chebet akiwa ameshatua, nilikuwa nimezungusha darasa zima kwenye ndege ile. Niligusa gurudumu la pua kwa kidole, nikaeleza kazi yake, nikapita.

Nilikimbia kwa Mkurugenzi. Hakuinuka kitini.

"Mama, tulia. Si itarudi tu? Ukimwambia akiwa hewani atapaniki."

"Akitua kama kawaida, hilo gurudumu linaweza kukatika. Lazima ajue."

Sikungoja jibu. Nilichukua redio.

"Kapteni, rudi polepole. Pua iligongwa asubuhi. Gusa chini kwa magurudumu ya nyuma, na pua uishikilie juu mpaka ikushinde."

Kisha sauti yake: "Sawa, Mwalimu. Narudi."

Ukiinua pua, bawa linaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, kwa hiyo linaweza kubeba ndege hata mwendo ukipungua. Pembe ikizidi, hewa inaachana na mgongo wa bawa, na bawa linaacha kubeba. Njoroge alitakiwa aguse chini karibu kabisa na mpaka huo, bila kuuvuka akiwa bado juu.

Nilitembea ukingoni mwa kiwanja, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Chebet alikaa kwenye nyasi akilia bila sauti. Ndege ilikuja, magurudumu ya nyuma yakagusa, na pua ikabaki juu muda ambao kwangu haukuisha. Mwishowe ilishuka taratibu, ndege ikayumba, ikasimama.

Tulipofungua kifuniko cha injini, tulikuta ukuta umekunjamana kama karatasi, na shikizo moja la injini lina ufa.

Mkurugenzi alitazama, akageuka. "Huyo msichana aende nyumbani."

"Basi anza na mimi," nikamwambia. "Yeye aligonga akanyamaza, lakini mimi niliigusa kwa mkono wangu na sikuona. Na yeye ndiye aliyekuja kusema."

Alinuna wiki nzima. Chebet alibaki.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Section 58, hapa Nakuru. Watoto wangu wananiambia nipumzike, na mimi sijui kupumzika ni kufanya nini. Nafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Mara nyingi najiuliza ni ndege ngapi nyingine nilizigusa kwa kidole nikapita, na hakuna aliyekuja mlangoni kuniambia.

Chebet ni kapteni siku hizi. Wiki iliyopita alinipigia simu nikiwa mezani.

"Mwalimu, leo nimetua vibaya."

"Umeandika kwenye kitabu cha ndege?"

"Nimeandika. Fundi ameshafungua."

"Ameinama?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliacha chakula kikipoa, nikangoja mpaka aende akamuulize fundi.