Maziwa ya Elisaria

Theopista wa Kirua Vunjo hakuwa mtu wa kuamini upesi. Tangu mdogo wake Elisaria arudi kutoka vitani Burma akizungumza na watu wasioonekana, alikuwa akimficha kihambani, katika migomba ya marehemu baba yao, asije akachukuliwa na askari na kupelekwa mbali, kwenye nyumba ya wendawazimu.

Mwaka wa tatu, kijana mmoja mganga msaidizi wa hospitali, Thadeus, akaanza kuwafundisha wanawake pale kanisani jinsi ya kuishi na wagonjwa wa akili. Theopista alikwenda kumchunguza, si kujifunza. Akakaa karibu na mlango. Alimsikia akisema mgonjwa asibishiwe kuhusu sauti anazozisikia, wala asidanganywe kwamba wengine nao wanazisikia. Aulizwe kwa upole zinamwambia nini, na apewe kazi anayoiweza. Maneno matamu haya, akawaza, ni ya mtu anayetafuta majina ya kuwapelekea askari. Alipoulizwa kama nyumbani ana mgonjwa, akakana.

Jirani yake, alipoulizwa habari za Elisaria, hakukana. Wiki iliyofuata Thadeus alipiga hodi, akatoa shikamoo, akaomba kukaa na Elisaria. Theopista akamtazama mikono: hakuwa na daftari. Akamruhusu, kisha akajibanza nyuma ya migomba.

Wale wawili walikata majani ya ng'ombe kitambo kirefu. Ndipo Thadeus akauliza, "Hao wanaosema nawe, wanakwambia nini?"

"Wanasema dada ananitilia sumu kwenye maziwa," Elisaria akajibu. "Ndiyo maana ananificha. Nikifa, nani atajua?"

Theopista alisikia kila neno. Kumbe kibuyu cha maziwa alichompa, kilichorudi kimejaa kila siku, hakikuwa ukaidi. Yeye alikuwa akimlinda na watu, na mdogo wake akijilinda naye.

Hakujitetea. Jioni alimwomba Elisaria akamue ng'ombe mwenyewe, kisha yeye dada akanywa wa kwanza, mbele yake. Siku tatu Elisaria alikataa. Ya nne akapokea kibuyu.

Sauti hazikumwacha kabisa. Lakini msimu wa kahawa alichuma pamoja na wenzake mchana kweupe, na hakuna askari aliyekuja. Mwaka mzima ulipita kabla hajala ndizi za dada yake bila kwanza kumwangalia anavyomeza. Theopista hakumlaumu. Alitangulia kuonja, kila siku.