Uzito wa Kiti cha Nyuma

Kuna watu pikipiki ikizeeka wanaiuza, wananunua nyingine, maisha yanasonga. Mama Mikate si wa kundi hilo. Pikipiki aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa kuukuu kiasi kwamba hata rangi yake ya kwanza watu walibishania, lakini ndiyo iliyobeba kreti la mikate kila asubuhi kutoka tanurini hadi madukani. Ndiyo iliyomlisha. Na sasa ilikuwa imeshakataliwa mara moja kwenye ukaguzi wa mwaka. Mkaguzi alimwambia bila kupindisha maneno: taa ya mbele inamulika juu mno, inapofusha watu barabarani, airekebishe, airudishe kabla ya wiki kuisha, na ikishindwa tena namba zake zinang'olewa, inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kushusha taa si kazi ya kumtoa mtu jasho. Unalegeza skrubu, unaiinamisha kidogo, unakaza, basi. Balaa la huyu mama halikuwa kwenye taa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni fundi wa pikipiki mwenye mdomo usiojua likizo. Alikuja mchana baada ya chakula. Waliiingiza pikipiki stoo, wakafunga mlango na dirisha ili kuwe na giza, wakaielekeza ukutani walikochora mstari wa chaki. Mwanga unatakiwa utue chini ya mstari.

"Shemeji, hili dude lingekuwa binadamu, saa hizi lingekuwa linakula pensheni," fundi alisema.

"Kaza skrubu, acha maneno."

Akakaza. Mwanga ukatua chini ya mstari, safi kabisa. Mama Mikate akapanda, maana taa hupimwa dereva akiwa ameketi. Yeye mwembamba, mwanga haukusogea. Halafu shokapu za nyuma zikalia, taratibu, vile zinavyolia mtu mnene akipanda. Nyuma ikadidimia. Mwanga ukakwea ukuta, ukavuka mstari, ukaenda kusimama karibu na dari.

Fundi aligeuka. Nyuma ya shemeji yake hapakuwa na mtu.

"Umejitikisa?"

"Sijajitikisa."

Fundi akasema shokapu zimechoka. Akazifungua, akafunga mpya. Wapi! Mama Mikate alipopanda tena, nyuma ikadidimia vilevile, na mwanga ukakwea vilevile. Fundi akainama, akaweka kiganja kwenye kiti cha nyuma, akakiondoa upesi na kukifuta kwenye suruali.

"Pana joto," alisema. Baada ya hapo maneno yakamwishia, jambo ambalo halijapata kuonekana katika ukoo ule. Akaanza kukusanya spana zake.

"Unakwenda wapi?"

"Shemeji, mimi ni fundi wa vyuma, na vyuma havina kasoro. Hayo mengine yazungumzeni wenyewe."

Wenyewe! Kumbe na yeye aliujua uzito wa kaka yake.

Mama Mikate alikuwa anaujua tangu wiki ya mazishi. Marehemu alikuwa pande la mtu. Miaka yote alimpakia mkewe, kisha ugonjwa ukamwangusha na mke ndiye akawa anampakia yeye, amemfunga kwa shuka kiunoni asidondoke, kwenda hospitali na kurudi. Safari ya mwisho, wakitoka hospitali, alimnong'oneza, "Usinishushe njiani. Mpaka nyumbani." Naye akajibu, "Sikushushi." Alifika nyumbani na maiti mgongoni. Mpaka leo hajui ni kona ipi mumewe alimtoka. Majirani ndio waliofungua shuka, na hakuna aliyekumbuka kumwambia marehemu kwamba wamefika.

Tangu hapo kila asubuhi akiwasha, shokapu zinalia na joto linamwegemea mgongoni. Wewe na mimi tungeiacha pikipiki palepale na viatu juu yake. Mama Mikate alikuwa anasogea mbele kidogo, ampe nafasi. Mapenzi yana upofu, lakini kwa huyu mama yalikosa hata woga.

Siku ya ukaguzi ilifika. Kituoni, honi ikapita, breki zikapita, matairi yakapita. Mkaguzi akachuchumaa mbele ya taa, jicho kwenye kipimo.

"Mama, mwambie abiria wako ashuke. Tunapima dereva akiwa peke yake."

Kisha akainua kichwa, akatazama kiti cha nyuma, akatazama karatasi zake kwa muda mrefu.

"Samahani," alisema. "Taa bado iko juu. Kama kuna la kufanya, lifanye sasa, la sivyo naandika imeshindwa."

Mama Mikate alishikwa na hasira kwanza, halafu uchungu. Mumewe asiposhuka, pikipiki inakatwa vipande, naye atakaa wapi? Akishuka, kesho asubuhi nani atamwegemea mgongoni? Lakini mikate lazima ifike madukani. Akapiga moyo konde, akageuza uso nusu.

"Mzee wangu, tumefika," alisema. Katika ndoa yao nzima hakuwahi kumdanganya. "Hapa ni nyumbani. Shuka polepole, nishike bega."

Bega lake la kushoto likalemewa, kama mtu mzima anapojiegemeza ateremke. Shokapu zikainuka. Mwanga ukashuka, ukatulia mahali pake.

"Imepita," mkaguzi alisema, akabandika stika bila kumtazama.

Mama Mikate akaondoka polepole kuelekea getini. Pikipiki ilikuwa nyepesi mno, kila kishimo kikimrusha, na mgongo wake ulikuwa baridi. Alilia bila kujificha. Alipokuwa anatoka, akamsikia mkaguzi nyuma yake akimjibu mtu, kwa adabu:

"Hapana, mzee. Hapa siyo nyumbani kwako."