Mkono wa Kushoto wa Mke Wangu

Nilipaswa kukataa. Siku ile kaka yangu mkubwa aliponiambia nifunike mkono wa kushoto wa mke wangu, nilipaswa kumwambia arudi kwake Nyangwe na heshima zake. Badala yake nilisema, "Ndiyo, yaya," kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu.

Kiharusi kilikuwa kimemwacha mke wangu bila mkono wa kulia na bila maneno. Alijua anachotaka, jina la kitu hicho ndilo lililomkimbia. Muuguzi mmoja wa Kabambare alituonyesha njia: aanze kwa mkono, neno litafuata. Mke wangu akatwanga hewani, akatwanga tena, kisha likatoka: "Sombe." Kumbe majani ya muhogo ndiyo aliyoyataka tangu asubuhi. Tulicheka, tukayapika siku tatu mfululizo. Kwa miezi miwili akapata maji, chumvi, mlango, na jina langu, ambalo alilitafuta kwa kunivuta ndevu.

Lakini ulikuwa mkono wa kushoto. Kwetu Kasongo mkono huo hausalimii mtu wala haunyoshwi mbele yake. Walipokuja watu kuposa binti yetu, mke wangu alimnyoshea mzee wao mkono huo, akitafuta "karibu". Yaya akaniita uani.

"Bibi yako anatutukana mbele ya wageni."

"Anatafuta neno, yaya."

"Atafute na kinywa. Mutu mzima anacheza na vidole kama mutoto? Ama na wewe umekuwa bubu? Funika ule mukono."

Wageni walisikia, wakacheka. Nami, mtu wa shule ya sekondari, niliyemsikia muuguzi kwa masikio yangu, niliona haya kwa ajili ya kicheko hicho. Niliingia ndani, nikaufunga mkono wake kwa kitenge. Alinitazama. Nikakaza fundo.

Wageni waliondoka, fundo likabaki. Kila asubuhi nililifunga upya, nikimwambia, "Sema na kinywa, mama." Nilijidanganya kwamba namfundisha. Hasira yangu kwa yaya haijapoa mpaka leo, lakini si yeye aliyefunga. Kabla ya mwezi kwisha maneno yote yalikuwa yamekwenda. Nilipofungua kitenge, mkono ulilala mapajani kama si wake. Muuguzi alirudi, akamsihi, hakuuinua.

Aliishi mwaka mmoja zaidi. Mwishoni alilia kwa maumivu, nami nikamgusa kichwa, kifua, tumbo, nikiuliza kama ni hapa. Hakunijibu kwa kinywa wala kwa mkono. Nilimzika bila kujua alikuwa anaumwa wapi.