Ugali wa Mtu Aliyeshiba

Drusilla alilisha watu wa kila aina pale kwake Mosocho, na kila aina ilikuwa na maoni yake. Mhubiri, ambaye miguu yake ilimfikisha pale kwa bahati tu kila chakula kilipopakuliwa, alikula kimya na kutoa baraka akishamaliza sahani ya pili. Makori, shemeji yake karani wa Nairobi, alikuja kila Krismasi kuisifu chinsaga, ile mboga chungu ya kwao. "Hiki ndicho chakula cha asili!" alisema, kisha akapangusa kijiko kwa leso na kuacha nusu sahani. Majirani walilalamika chumvi imezidi, huku wakikomba sufuria.

Wote hao aliwavumilia. Aliyemnyima raha ni mumewe.

Abner Ombui alifungua duka mwaka wa 1972, na shughuli za kununua bidhaa zikampeleka Kisii mjini, ambako aligundua chipsi. Tangu hapo akawa mtu wa hoteli. Alirudi jioni akinukia mafuta, midomo inang'aa, akasema, "Mama Nyasani, mimi nimeshiba." Ugali wa wimbi, ambao Drusilla alikuwa ameusonga mpaka mabega yakamuuma, ukafunikwa kwa sahani. Chinsaga aliyoichemsha kwa maziwa tangu asubuhi ikalala kando yake.

Abner alidhani anaendelea kimaisha. Kumbe alikuwa anatuma ujumbe. Kwao mwanamume hakatai chakula cha mkewe eti kwa sababu tumbo limejaa. Hata kama amekula ng'ombe mzima, atamega matonge mawili. Akikataa, basi amemkataa aliyekipika. Kisimani wanawake walinyamaza Drusilla alipofika, na mmoja akamuuliza, kwa huruma nyingi mno, kama mke wa pili anatoka Masimba au Keroka. Drusilla alicheka. Alipofika nyumbani alilia, kwa sababu hata yeye hakujua.

Akatuma neno kwa kaka yake mkubwa, Angwenyi.

Jumapili iliyofuata Abner alirudi na sahani mbili za chipsi na soseji tumboni, akawakuta mashemeji watatu sebuleni, wamekaa kama waliokuja msibani.

"Shemeji," Angwenyi alisema, "dada yetu amekosa nini? Kama umemchoka, sema, turudi naye."

"Hajakosa kitu! Ni mimi tu nimeshiba."

"Sawa. Na huu ni mwezi wa ngapi umeshiba?"

Abner akautazama mlango. Drusilla alikuwa amesimama hapo na ugali, na siku hiyo hakuwa amepima kwa huruma. Bwana wa hoteli akanawa mikono, akala. Alikula akitokwa na jasho, akafungua kifungo cha suruali, akaisifu chinsaga machozi yakimlengalenga, na kila tonge liliposhuka mashemeji walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Walipoondoka alijilaza kwenye kochi, ameshika tumbo. "Mama Nyasani, kumbe ulidhani nakukataa? Si ungeniambia?"

Drusilla alikuwa anakusanya vyombo.

"Nilikuambia kila jioni," alisema. "Nilikuwekea pale mezani, nikafunika kwa sahani. Hukuwahi kufunua."