Hodi ya Mkosha Maiti

Kijiji kizima cha Gando kilimjua Bi Ghania kwa mikono yake. Kwa miaka ishirini na mitatu ndiye aliyewakosha maiti wa kike na watoto wachanga, akawavisha sanda.

Mwaka juzi, wakati wa vuli, aliitwa kwa Safaa, mke wa Ridha. Mtoto wao alikuwa na siku kumi na tisa. Ridha alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, na mama yake Safaa alikwishatangulia mbele ya haki. Homa ilimshika mtoto Jumanne. Safaa, kidonda cha kupasuliwa bado kibichi, hakuweza kumbeba mpaka kituo cha afya. Akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji, akitumai itashuka. Jirani alipopita Alhamisi, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Hawakufika naye mbali.

Bi Ghania alipomaliza kumkosha, alitoka uani akakuta pamejaa. Watu wa msikiti wameleta majamvi, mchele na masufuria. Safaa akamshika mkono.

"Bi Ghania, watu wote hawa walikuwa wapi juzi?"

Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Bi Ghania. Kutoka kwake hadi pale ni kuvuka migomba tu.

Kisomo cha hitma kilipokwisha, alimwendea Shehe Othman, imamu wa msikiti.

"Shehe, mtu akifa, msikiti hutangaza. Mtoto akizaliwa je?"

"Hilo ni la jamaa zake, Bi Ghania."

"Na asiye na jamaa?"

"Mtoto yule nilimsalia mimi," akasema Shehe. "Jina lake nililiulizia makaburini."

Ijumaa iliyofuata akatangaza: atakayepata mtoto aje aseme msikitini, kama tusemavyo tukifiwa. Wanawake wakagawana zamu za siku arubaini: kupika, kufua, kumsindikiza kliniki mzazi aliyejifungua. Wavuvi nao wakakubaliana kwamba ambaye mkewe kajifungua asiende dago. Wenzake watamletea fungu lake la samaki.

Lakini nyumba ya kwanza tu, Bi Ghania alipopiga hodi, mama mkwe wa yule mzazi alimzuia mlangoni.

"Uniwie radhi, dada yangu. Mkono unaokosha maiti usimguse mjukuu wangu."

Hakugombana. Alitua kuni, akakabidhi bakuli la mchuzi wa pilipili manga, akaondoka. Njiani alilia. Kesho yake akapeleka kuni tena.

Habari zikamfikia Safaa. Akavuka migomba.

"Nitaingia mimi," akasema. "Wewe nielekeze tu la kufanya."

"Utaweza, mwanangu?"

"Sijui."

Tangu hapo Safaa amekaa na wazazi kumi na mmoja. Mwenyewe hajajaaliwa mtoto mwingine. Zipo siku akirudi hujifungia chumbani mpaka magharibi, na Bi Ghania hamwulizi kitu.

Wiki iliyopita kijana Hamzah alisimama msikitini baada ya sala ya adhuhuri. "Mke wangu kazaa mtoto wa kike," akasema. "Hatuna mtu." Alasiri haijaadhiniwa, Safaa na wenzake wawili walikuwa ndani kwake. Bi Ghania alibaki nje, kwa kuwa kule ndani bado hawajamkaribisha, akakaa karibu na kisima akifua nguo za mtoto.